Breki Laini Baada ya Kubadilisha Mafuta? Usidanganywe Kwamba Zitajikaza Zenyewe

JUMAMOSI moja asubuhi, kabla sijamaliza hata kikombe cha kwanza cha chai, nilisikia muungurumo langoni mwangu. Haukuwa wa gari la kawaida. Ulikuwa ule mzito, wa kudundadunda, ambao vijana wetu huutambua wakiwa bado wamejifunika blanketi. Mke wangu alichungulia dirishani akasema, "Ni yule wa Subaru. Basi chai yako nitaimwaga."

Naam, alikuwa ni kijana wa jirani yangu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Mzee, habari ya asubuhi. Samahani kwa kukusumbua. Hebu njoo ukanyage hizi breki uniambie zimeingiwa na nini. Ni kama ninakanyaga godoro."

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi si mpenzi wa magari ya mbio. Ninayatengeneza lakini siyatamani. Hata hivyo ninaelewa kwa nini Mkenya huugua ugonjwa wa Subaru. Gari la jina hilo hilo la Impreza lilishinda Safari Rally mwaka wa 1996 likiwa mikononi mwa Kenneth Eriksson, likashinda tena mwaka wa 1997 likiendeshwa na Colin McRae, na mwaka wa 2000 Richard Burns akalirudisha jukwaani mara ya tatu. Mtoto aliyebebwa mabegani mwa babake kuyatazama yakirusha matope hawezi kukua akitamani pikapu. Huyu wa jirani aliweka akiba miaka mingi akanunua Impreza WRX STI ya mwaka wa 2008, mtumba kutoka Japani, na tangu hapo hulipangusa mara mbili kwa siku.

Siku ya Alhamisi alikuwa amelipeleka gereji moja mjini ili mafuta ya breki yatolewe yote na kutiwa mapya. Wazo lilikuwa zuri na hapo simlaumu. Mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka meusi kama turungi. Lakini gari liliingia gereji likiwa na breki ngumu zinazoshika juu, likatoka na breki zinazozama hadi nusu ya njia kabla hazijashika. Akipiga pampu mara mbili tatu, zinapanda. Akitulia kidogo, zinazama tena. Alipomrudia fundi aliambiwa, "Usijali, ukiliendesha siku mbili tatu zitajikaza zenyewe."

Nikamwuliza kama ana safari yoyote.

"Kesho nampeleka mama Nakuru, kwenye arusi ya binti ya ndugu yake. Tutapita njia ya Mai Mahiu."

Msomaji, kama umewahi kuteremka ule mlima, ukipita karibu na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka wa 1942, huku lori limekutangulia na jingine linakusukuma kutoka nyuma, unajua kwa nini sikuuliza tena habari za chai. Nilikwenda kuvaa nguo zangu za kazi.

KWA NINI HEWA NI ADUI

Wengi huendesha gari miaka ishirini bila kujiuliza mguu wao unaongea vipi na gurudumu. Hakuna waya wala chuma kinachounganisha pedali na magurudumu yote manne. Kuna mafuta tu, yamefungiwa ndani ya vijibomba vyembamba. Ukikanyaga, unasukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda, na mafuta yanapeleka msukumo huo hadi kwenye kalipa, ambazo hubana diski kwa pedi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka wa 1662, ndiye aliyeeleza kwamba ukikisukuma kioevu kilichofungiwa, msukumo huenea ndani yake pande zote bila kupungua. Ilichukua muda mrefu kabla ya elimu hiyo kufika kwenye motokaa. Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za mafuta mwaka wa 1917, na mwaka wa 1921 kampuni ya Duesenberg ikatoa gari lenye breki hizo kwa magurudumu yote manne. Jina la huyo bwana liliandikwa baadaye Lockheed, na mafundi wazee walilizoea sana kwenye vipuri.

Mafuta hayabanwi. Hewa hubanwa. Chukua chupa ya plastiki iliyojaa maji hadi juu, uifunge vizuri na ujaribu kuifinya. Kisha mwaga maji kidogo, uifunge na uifinye tena. Hilo ndilo godoro alilolisikia kijana. Mguu wake ulikuwa unatumia nusu ya safari yake kufinya mapovu, na ni nusu iliyobaki tu iliyokuwa ikifika kwenye magurudumu. Akipiga pampu anaongeza mafuta mengine nyuma ya mapovu, pedali inapanda, naye anafarijika. Faraja hiyo ni ya uongo. Barabarani mtoto akivuka ghafla hutapata nafasi ya kupiga pampu mara tatu.

Na hewa iliyofungiwa ndani ya kalipa haina njia ya kutokea. Haivukizi kupitia chuma. Yule anayesema zitajikaza zenyewe ama hajui ama amechoka na kazi yako, na sijui lipi ni baya zaidi.

Kabla sijaendelea, nijibu swali ambalo najua mama mmoja tayari analiuliza: kama kubadilisha mafuta kunaleta taabu hii, kwa nini tusiyaache yalivyo? Kwa sababu mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata kupitia mipira ya breki na kifuniko cha kikopo chake. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya kufika nyuzi 205 za selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Sasa shuka mlima mrefu huku umekanyaga breki muda wote. Kalipa inakuwa ya moto, mafuta yenye maji yanachemka, mvuke unatokea, na mvuke hubanwa kama hewa. Breki zilizokuwa ngumu ulipoondoka nyumbani zinakuwa godoro katikati ya mteremko. Kwa hiyo yabadilishe kila miaka miwili au kama kitabu cha gari lako kinavyosema. Ila yabadilishwe na mtu anayeangalia anachokifanya.

MGUU NDIO MWALIMU

Nilipoketi kwenye kiti, cha kwanza nilichofanya hakikuhitaji spana. Injini ikiwa imezimwa, nilikanyaga pedali pole pole mara moja. Ikashuka mbali. Nikaachia, nikakanyaga haraka haraka mara nne. Ikapanda ikawa ngumu. Pedali inayopanda kwa pampu inakuambia mambo mawili: ama kuna hewa, ama pedi au viatu vya breki viko mbali mno na diski au drum. Kwa gari ambalo juzi tu lilikuwa na breki nzuri na halikubadilishwa pedi, nikaiwekea hewa alama.

Halafu niliwasha injini huku nimekanyaga. Pedali ikashuka kidogo. Hilo lisikutie hofu. Ndiyo kazi ya servo, inakusaidia kusukuma. Nimewahi kuletewa gari na mtu aliyekuwa ametoa hewa mara tano kwa sababu ya kushuka huko tu, na gari halikuwa na ugonjwa wowote.

Ndipo nikamwuliza kijana kuhusu siku ya Alhamisi, jambo ambalo mafundi wengi hawaliulizi. Alikuwa wapi mafuta yakibadilishwa? Alikuwa amesimama pale pale, akasema. Fundi alifungua nipli, msaidizi wake alikuwa akikanyaga pedali hadi sakafuni. Je, kikopo cha mafuta kule juu kiliangaliwa na nani? Kijana akafikiri.

"Kuna wakati fundi alikwenda kupokea simu, Mzee. Yule mwingine akaendelea kukanyaga. Aliporudi akasema, 'Lo, imekauka,' akajaza."

Hapo mlango wa kwanza wa hewa ukajulikana. Kikopo kikikauka, kila mkanyago unaofuata unameza hewa na kuisukuma ndani. Mlango mwingine unaopendwa ni nipli: msaidizi akiinua mguu kabla nipli haijafungwa, gurudumu linavuta hewa kutoka nje kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija.

NIPLI AMBAYO HAIKUGUSWA

Tuliliinua gari kwa jeki, tukaliweka juu ya stendi nne imara. Nasema stendi, si mawe wala matofali. Tukatoa magurudumu. Gari hili lina kalipa za kampuni ya Brembo ya Italia, na zile za mbele zina pistoni nne kila moja, mbili nje ya diski na mbili ndani. Kijana alikuwa akizionyesha kwa fahari. Nikachukua tochi nikaangalia upande wa ndani, ule ambao hauonekani kwa mtu aliyesimama.

Kalipa ya namna hii ina nipli mbili: moja upande wa nje na moja upande wa ndani. Nipli ya nje ilikuwa inang'aa pale spana iliposhika. Ile ya ndani ilikuwa imevaa kikofia chake cha mpira, na juu ya kikofia kulikuwa na tope lililokauka ambalo halikuguswa tangu mvua za mwisho. Nikaenda upande wa pili. Vivyo hivyo. Nikaangalia za nyuma, hadithi ile ile.

Yaani fundi aliosha nusu ya nyumba. Mafuta ya turungi yalibaki upande wa ndani, na hewa iliyomezwa kikopo kilipokauka ilipata mahali pazuri pa kulala. Siyo kosa la nia mbaya. Magari mengi tunayoyazoea yana nipli moja tu kwa kila gurudumu, na mkono hufuata mazoea.

Tulihitaji mtu wa kukanyaga. Mke wangu alikataa kata kata kwa sababu aliwahi kufanya kazi hiyo mwaka fulani na ninasemekana nilimpigia kelele. Kijana akaenda akarudi na mama yake, ambaye alikuwa bado amefunga leso kichwani. Alipanda kwenye kiti kile cha mbio, kilichomkumbatia kama mtoto wa shule, akauliza, "Nifanye nini, baba?"

Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe. Kwanza niliweka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Sababu yake utaiona hivi punde. Kisha kikopo kikajazwa DOT 4 kutoka kwenye kopo jipya lililofunguliwa mbele yetu, kwani kopo lililokaa wazi kwenye rafu ya gereji tayari limeshakunywa maji. Kijana akapewa kazi moja tu, kutokiacha kikopo kishuke chini ya nusu, na simu yake ikabaki ndani ya nyumba. Nami nikalala chini na spana ya ringi, mrija wa plastiki unaopenya mwanga, na chupa yenye mafuta mapya kidogo. Ncha ya mrija izame ndani ya mafuta hayo, ili hata ukikosea usivute hewa.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

Nafungua robo duara. Mafuta yanatoka.

"Inazama, baba."

"Ifuate mpaka kwenye mbao. Usiachie." Nafunga. "Haya, achia pole pole."

Hiyo ndiyo kazi yote, na hurudiwa mpaka mafuta yawe safi bila povu. Kuhusu uanzie gurudumu lipi, kawaida ya zamani ni kuanza na lililo mbali zaidi na masta silinda. Angalieni hapa: vitabu vingi vimeandikwa kwa magari ya usukani wa kushoto, vikasema uanze nyuma kulia. Kwetu usukani uko kulia, masta silinda nayo iko kulia, kwa hiyo lililo mbali zaidi ni la nyuma kushoto. Magari mengi ya siku hizi yamegawanywa kimshazari na watengenezaji wana utaratibu wao, hivyo kitabu cha gari lenyewe ndicho hakimu. Kwa kalipa yenye nipli mbili, mimi huanza na ya nje, nikamalizia na ya ndani.

Nipli ya ndani ya mbele kushoto ndiyo iliyotusimulia kila kitu. Yalianza kutoka mafuta meusi. Kisha mrija ukakohoa, yakatoka mapovu mfululizo kama maji ya mfereji yanaporudi baada ya mgao. Niligonga kalipa taratibu kwa nyundo ya mpira, yakatoka mengine madogo yaliyokuwa yamejishikiza ukutani. Mama akasema kutoka juu, "Sasa inakuwa ngumu!" Alisema hivyo kabla sijauliza. Mguu haudanganywi.

Tulipomaliza magurudumu yote ilikuwa karibu saa saba mchana. Pedali ilikuwa inashika juu kabisa. Kijana alitaka kunikumbatia na mafuta yangu yote.

LAKINI IKAZAMA

Nilimwambia asubiri. Nilitoa ile mbao, nikaketi, nikakanyaga kwa nguvu ya kawaida ya mtu anayesubiri taa za barabarani, nikashikilia huku nikihesabu hadi 60. Nilipofika 20 nilihisi kitu. Nilipofika 40 nilikuwa na hakika. Pedali ilikuwa inazama, pole pole mno, kama mtu anayesinzia kanisani. Mwanzoni ulaini wa hewa ulikuwa umeuficha ugonjwa huu wa pili.

Pedali inayozama ukiwa umeshikilia maana yake mafuta yanatoroka. Tulizunguka gari zima, tukachungulia kila kiungo, mpira na nipli, tukagusa kwa karatasi nyeupe. Pakavu kote. Kikopo nacho hakikupungua hata kidogo. Yasipotoroka nje, yanatoroka ndani: yanapita kando ya mipira ya pistoni ndani ya masta silinda na kurudi yalikotoka.

Sasa turudi kwenye ile mbao. Katika uendeshaji wa kila siku pistoni ya masta silinda husafiri sehemu ya mwanzo tu ya tundu lake. Sehemu ya mwisho haifikiwi, na kwa miaka mingi hujikusanyia uchafu na kutu inayoletwa na yale maji yaliyonyonywa. Siku ya kubadilisha mafuta anakuja msaidizi mwenye mguu mzito, anakanyaga hadi sakafuni mara hamsini. Midomo laini ya mipira inaburutwa juu ya uchafu huo na kukwaruzwa. Gari lililoingia likiwa na masta silinda nzee lakini nzima linatoka na iliyokufa. Kwa gari la mwaka wa 2008 hilo halikunishangaza.

Kijana hakutaka kusikia. "Mzee, si imepanda? Inashika juu! Na ukipiga pampu moja inarudi. Kesho tukirudi nitaishughulikia."

Nilimweleza kwamba kwenye mteremko hushikilii breki kwa sekunde tatu, unaishikilia kwa muda mrefu. Akasema atatumia gia. Nikasema gia ni lazima hata kwa breki nzima. Akasema amekwisha ahidi. Tulikuwa tumeanza kupandishiana sauti, mambo ambayo siyapendi mbele ya mama wa mtu, hadi yeye mwenyewe aliposhuka kutoka kwenye kile kiti, akajipangusa, akamwambia mwanawe kwa upole:

"Mzigo wangu ulio kwenye buti utoe. Nitakwenda kwa matatu."

Hakukuwa na neno jingine. Kesho yake alfajiri kijana alimsindikiza mama yake hadi stendi kwa miguu, akiwa amembebea mfuko.

YALIYOFUATA

Juma lililofuata alipata masta silinda Kirinyaga Road, baada ya kuzunguka na ile ya zamani mkononi. Ndivyo inavyotakiwa: kipenyo cha ndani ni lazima kilingane, kwani ukiweka kubwa zaidi pedali itakuwa ngumu na itakudai nguvu, ukiweka ndogo itasafiri mbali. Wapo wanaonunua seti ya mipira tu na kuivalisha tundu la zamani baada ya kulikwangua kwa msasa. Kwa mwili wa aluminiamu sikubali, kwa sababu ukikwangua unaondoa ngozi ngumu iliyowekwa kiwandani, na mipira mipya inaliwa upesi.

Masta silinda mpya nayo huja imejaa hewa. Usiifunge kwenye gari ikiwa kavu. Tuliibana kwenye jiliwa, tukaunganisha vijimrija viwili kutoka kwenye matundu yake hadi ndani ya kikopo chake, tukajaza mafuta na kuisukuma pistoni pole pole kwa bisibisi butu hadi mapovu yakakoma. Ni dakika 10, na zilituokoa saa nzima. Baada ya kuifunga tulirudia nipli zote nane.

Wenye magari mengine wasidhani nimewasahau. Kama gari lako lina drum nyuma na pedali iko mbali ingawa haina ulaini wa godoro, kaza kwanza marekebisho ya viatu vya breki kabla ya kumwaga mafuta bure. Kama kalipa zilitolewa zikapakwe rangi nyekundu, mtindo ulioenea sana, hakikisha hazikubadilishana upande. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia nipli huangalia chini, hewa inabaki juu, na hata ukimwaga galoni nzima haitatoka. Niliwahi kumwona mtu aliyehangaika nayo siku mbili. Dawa ilikuwa kuzibadilisha tu.

Na ABS? Kile kisanduku chake chenye vali nyingi kinaweza kuficha hewa pale kikopo kinapokauka. Ukitoa hewa kwenye magurudumu yote, masta silinda iwe nzima, na ulaini ubaki, tafuta fundi mwenye kompyuta ya kuiendesha pampu ya ABS huku hewa ikitolewa. Ukishindwa kupata ugonjwa uko upande gani, fundi mzoefu anaweza kuibana mipira ya breki mmoja mmoja kwa kibanio kisicho na meno: mpira ukibanwa na pedali ikawa ngumu ghafla, gurudumu hilo ndilo lenye hewa. Mipira iliyofumwa kwa waya isibanwe kamwe.

Kuna pia ile dawa ya kubana pedali kwa mti usiku kucha kati yake na kiti, ili mapovu madogo yapande. Mara nyingine husaidia baada ya kazi iliyofanywa vizuri, ila haiwezi kuchukua mahali pake. Ukiijaribu, toa fyuzi ya taa za breki, la sivyo asubuhi utakuta betri imekufa.

Jambo moja la nyumbani kabla sijaweka kalamu. Mafuta ya breki yaliyotolewa ni sumu. Nimeona mara nyingi yamewekwa kwenye chupa ya soda na kusahauliwa karibu na mlango wa jikoni, yana rangi ya soda hasa. Mtoto hajui tofauti. Yaweke kwenye kopo lenye alama, juu, palipofungwa, hadi utakapoyapeleka gereji inayokusanya mafuta machafu. Na yakimwagika kwenye bodi ya gari, osha kwa maji mengi papo hapo, kwani hubandua rangi.

Tulilijaribu gari kwanza ndani ya kiwanja kwa mwendo wa kutembea, kisha kwenye barabara ya murram isiyo na watu. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikahesabu hadi 60, nikahesabu tena. Pedali haikusogea.

Jumapili iliyofuata walikwenda Nakuru, safari hii kuwapelekea maharusi zawadi waliyoisahau. Jioni mama alipita kwangu na mfuko wa viazi na kabichi mbili kubwa. Nikamwuliza kijana aliteremka vipi kule Mai Mahiu.

"Kwa gia ya tatu, baba, na matatu zote zikatupita," akasema. "Nilikuwa nimeuangalia mguu wake njia nzima. Hakupiga pampu hata mara moja."